Uchambuzi wa kisa: karatasi za mkono, sabuni ya mwani na viungo katika unyevu wa masika

Kikundi na oda

Kisa hiki ni cha kikundi cha wanawake 14 katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Jina la kijiji, la kikundi na la mnunuzi yameondolewa.

Wengi wa wanachama ni wakulima wa mwani, kilimo kilichoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989. Kwa muda mrefu walikuwa wakitengeneza sabuni ya mafuta ya nazi iliyochanganywa na mwani uliosagwa, na kuuza viungo walivyonunua kwa wakulima wa mashamba ya kati. Sabuni ilikuwa nzuri, ila kifungashio chake hakikuwapo: iliuzwa tupu, au ndani ya mfuko wowote uliopatikana siku hiyo.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara, ambako marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019. Nafasi iliyoachwa wazi haikujazwa na karatasi. Ilijazwa kwa kiasi kikubwa na ile mifuko laini inayofanana na kitambaa, ambayo kwa kweli ni nyuzi za polipropilini, yaani plastiki ileile kwa sura nyengine. Duka moja la zawadi lilitaka kuepukana na hali hiyo, likaagiza pakiti 400, kila moja na kipande cha sabuni, kijifuko cha karafuu nzima na kijifuko cha viungo vya chai vilivyosagwa. Sharti lilikuwa moja: pakiti isiwe na plastiki hata kidogo, ndani wala nje. Mzigo ulitakiwa mwanzoni mwa Juni, wageni wanapoanza kuongezeka. Kwa hiyo kazi yote ikaangukia Machi hadi Mei, ndani ya masika.

Karatasi ilivyotengenezwa

Malighafi ilikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ni karatasi za ofisini na madaftari ya skuli yaliyokwisha. Yalitolewa pini, gamba la plastiki na utepe wa kunata, yakachanwa vipande vya ukubwa wa stempu na kurowekwa usiku mmoja. Risiti za mashine zilitengwa tangu mwanzo, na hilo lilikuwa sahihi, kwa sababu karatasi yake ya joto (inayochapwa kwa joto badala ya wino) mara nyingi hupakwa kemikali ya bisfenoli na haifai kusagwa pamoja na nyengine.

Malighafi ya pili ni migomba iliyokwisha kukatwa ndizi. Kigogo cha mgomba ni maji matupu kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Kigogo cha kilo 30 mara nyingi hakitoi hata nusu kilo ya nyuzi kavu. Magamba yalichanwa, yakakwanguliwa kwa kisu butu, nyuzi zikakatwa urefu wa sentimita 2 na kuchemshwa saa tatu kwenye sufuria ya chuma pamoja na magadi, gramu 200 kwa kila kilo ya nyuzi kavu. Sufuria ya alumini haifai kwa kazi hii, magadi huila. Baada ya hapo nyuzi zilitwangwa kwenye kinu hadi zikawa laini kama pamba iliyolowa. Mashine ya jikoni ya kusagia haikuweza kazi hiyo. Nyuzi ndefu hujisokota kwenye visu na mota huungua.

Rojo la mwisho lilikuwa sehemu saba za karatasi ya ofisini na sehemu tatu za mgomba, na juu yake mwani kidogo uliokatwakatwa ili uonekane kwenye karatasi. Kilo moja ya nyuzi kavu ilichanganywa na lita 80 hivi za maji ndani ya beseni. Fremu ya mbao ya sentimita 25 kwa 35, iliyotandazwa wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, ilizamishwa, ikainuliwa ikiwa imelala sawasawa, ikatikiswa mara moja mbele na mara moja pembeni, kisha karatasi ikalazwa juu ya kipande cha shuka kuukuu. Rundo la karatasi 20 lilibanwa kati ya mbao mbili kwa mawe. Karatasi ya uzito wa gramu 150 kwa mita ya mraba kwa kipimo hicho ni gramu 13, kwa hiyo kilo moja ilitoa karibu karatasi 70 ukiondoa zilizopasuka.

Maji yalitoka kisima cha kijiji. Hapo ndipo tatizo kubwa lilipoanzia, na hakuna aliyelishuku.

Kila pakiti ilihitaji karatasi mbili na nusu: moja ya mfuko wa nje, nusu kwa kila kijifuko cha viungo, nusu ya kufungia sabuni. Jumla karatasi 1,000. Zile za sabuni zilitengenezwa kwa karatasi ya ofisini peke yake na kupakwa rangi ya kiungo cha manjano kilichochemshwa. Gundi ilikuwa uji wa wanga wa muhogo.

Mzigo ulivyoharibika

Pakiti zilipelekwa kwa wakati. Wiki ya tatu duka lilipiga simu, na mwenyekiti alipokwenda alikuta mambo matatu tofauti, yote katika rafu moja.

Viungo vya chai vilikuwa vimeshikana. Ukifungua kijifuko, unga unatoka kama donge, umechukua umbo la pembe za karatasi. Karafuu nzima zilikuwa salama: zikivunjwa bado zinatoa mlio, ila mafuta yake yalikuwa yamepenya na kuacha madoa ya kahawia mithili ya vidole vyenye samli.

Mifuko ya nje ilikuwa imelegea. Asubuhi ilikuwa teketeke, mchana ikikauka inajikunja, na chini, pale gundi ilipokuwa nene, kulikuwa na ukungu wa kijivu. Baadhi ya pembe zilikuwa zimeliwa na mende.

Sabuni ndiyo iliyowashangaza zaidi. Karatasi ya rangi ya dhahabu ilikuwa imegeuka nyekundu iliyoungua kila mahali ilipogusana na kipande, hata pembe nne za sabuni zikawa zimechorwa juu ya karatasi. Mteja aliyeiona alidhani ni kutu au damu.

Duka lilirudisha pakiti 260. Halikuvunja uhusiano, lilitoa miezi mitatu ya kurekebisha.

Kutafuta chanzo

Maelezo ya kwanza ndani ya kikundi yalikuwa "masika ndiyo haya." Maelezo hayo yana ukweli. Unyevu wa hewa visiwani wakati wa masika hupita asilimia 80 kwa siku nyingi, na karatasi hunywa unyevu mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Lakini madaftari ya watoto yaliyokuwa kwenye nyumba hizohizo hayakuwa teketeke kiasi kile. Katibu wa kikundi ndiye aliyeuliza kwa nini, na swali hilo moja liliokoa mradi.

Walitengeneza karatasi mbili kutoka rojo la aina moja, moja kwa maji ya kisima na nyengine kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Zilianikwa chumba kimoja na kupimwa kwa mizani ya sonara. Mchana wa jua zote zilikuwa gramu 13. Alfajiri iliyofuata ya maji ya mvua ilikuwa gramu 13.8, ya maji ya kisima 14.6. Kisha wakachemsha lita moja ya maji ya kisima mpaka yakakauka sufuriani. Chini yalibaki magamba meupe ya chumvi.

Visima vingi vya pwani hiyo vina maji ya chumvi kidogo kwa sababu jiwe la matumbawe hupitisha maji ya bahari chini kwa chini. Mtu aliyezoea kuyanywa hayaoni kuwa na chumvi. Karatasi inayaona. Maji yanapokauka chumvi hubaki kati ya nyuzi, na chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapofika karibu asilimia 75. Chumvi za magnesi zilizomo katika maji ya bahari huanza mapema zaidi. Mwani ambao haukusuuzwa uliongeza chumvi yake mwenyewe kwenye beseni. Na kwa kuwa rundo lilibanwa kwa mawe tu, karatasi zilibaki na maji mengi, kwa hiyo na chumvi nyingi.

Sababu ya wekundu ilikuwa rahisi zaidi. Manjano hubadilika kuwa mekundu yakikutana na kitu chenye asili ya magadi, na sabuni iliyotengenezwa kwa kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni) ina asili hiyo hata ikiwa nzuri. Isitoshe, ilikuwa imefungwa ikiwa na wiki mbili tu, wakati sabuni ya aina hii huhitaji wiki nne hadi sita kukauka. Gliserini iliyomo nayo huvuta unyevu, sabuni ikatoa jasho, jasho likayeyusha rangi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa maji. Kisima kiliachwa kwa kazi ya karatasi. Bati la mita za mraba 40 likinyeshewa milimita 10 hutoa karibu lita 400, na mvua ya namna hiyo si haba kijijini. Walinunua pipa, wakaweka utaratibu wa kuyatumia tena maji ya beseni kwa siku tatu kabla ya kuyamwagia migomba. Kinachomaliza maji ni kusuuza nyuzi zilizochemshwa kwa magadi, si kuchota karatasi. Hapa walifanya jambo la akili sana: mabaki ya karatasi za manjano yalikatwa vipande vyembamba na kuwa kipimo. Kipande huchovywa kwenye maji ya kusuuzia. Kikigeuka chekundu, magadi bado yamo, suuza tena. Kikibaki njano, inatosha.

Mawe yalibadilishwa kwa jeki ya gari iliyowekwa ndani ya fremu ya mbao nzito. Karatasi zilitoka kwenye rundo zikiwa na maji kidogo, zikakauka nusu siku mapema na zikawa ngumu zaidi, kwa kuwa nyuzi zilizobanwa vizuri hushikana zenyewe. Zilipigwa kwa brashi juu ya ubao wa plaiwudi na kukaushwa humo humo kivulini penye upepo. Jua kali moja kwa moja huzikunja.

Uamuzi uliojadiliwa kwa muda mrefu kuliko yote ulihusu viungo vya kusaga. Mshika fedha alitaka kijifuko chembamba cha plastiki ndani, ambacho mtu asingekiona. Wenzake walikataa, kwanza kwa sababu ya sharti la duka, pili kwa sababu pakiti ingekuwa inasema uongo. Wakajaribu karatasi mpya ya kaki iliyopakwa nta ya nyuki. Nta hukwanguliwa, kijiko kimoja cha chai kwa karatasi ya ukubwa wa A4, hutawanywa, hufunikwa kwa karatasi safi isiyo na chapa na kupigwa pasi ya moto mdogo. Nta ya nyuki huyeyuka nyuzi joto 62 hadi 64. Mara ya kwanza nta ilipasuka kila penye mkunjo na unyevu ukapita kwenye nyufa hizo. Dawa ilikuwa kukunja kwanza, kufungua, kupaka nta, kisha kukunja tena mikunjo ileile karatasi ikiwa bado na uvuguvugu.

Walizijaribu ndani ya ndoo yenye mfuniko, wakiweka kikombe cha chumvi iliyolowekwa maji kidogo mpaka ikawa tope. Chumvi ya namna hiyo hushikilia unyevu wa ndani ya ndoo karibu asilimia 75, kwa hiyo hata wakati wa kiangazi mtu anaweza kuitengeneza hali ya masika. Baada ya siku kumi karafuu, iliki na vijiti vya mdalasini vilikuwa vizuri. Unga ulikuwa umeanza kushikana tena, polepole kuliko awali, lakini umeanza.

Basi unga ukatolewa kwenye pakiti. Nafasi yake ikachukuliwa na mchanganyiko wa viungo vya chai visivyosagwa: mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, na kipande cha tangawizi kavu, pamoja na kadi inayoeleza namna ya kuvitwanga. Viungo vya kusaga vinauzwa peke yake ndani ya chupa ndogo za kioo zenye kifuniko.

Karatasi iliyorejelewa haigusi tena chakula popote. Hilo lingetakiwa tangu siku ya kwanza, hata kama unyevu usingeharibu kitu, kwa sababu wino na mabaki ya mafuta ya chapa hayatoki yote kwa kurowekwa. Kufungia karanga kwa gazeti tumekuzoea barazani, lakini kuzoea si kipimo cha usalama.

Sabuni sasa hukaa rafuni wiki sita, kisha huvishwa mshipi wa karatasi usiotiwa rangi, sehemu moja ya sita ya karatasi nzima. Ncha mbili zimeachwa wazi, sabuni inapumua na mnunuzi anainusa bila kuifungua. Mfuko wa nje ni wa kaki uliokunjwa mjini, mpini wake ni ukili uliosukwa na wanachama wenyewe, na karatasi ya mkono imebaki kama jalada la mbele na lebo.

Gundi ya muhogo haikuachwa. Iliongezwa shabu, nusu kijiko cha chai kwa nusu lita ya uji, na matone matatu ya mafuta ya karafuu, ambayo huzuia ukungu na kuchelewesha gundi kuchacha. Hupakwa nyembamba. Mende bado wapo, lakini gundi nyembamba haiwavutii kama ile iliyojaa kwenye mikunjo.

Matokeo

Mzigo wa pili ulipita miezi mitatu rafuni bila kurudishwa. Karatasi za mkono kwa pakiti 400 zilishuka kutoka 1,000 hadi 200, yaani kutoka kilo 14 za nyuzi kavu hadi chini ya kilo 3, na kazi iliyochukua miezi mitatu ikamalizika kwa wiki tatu. Gharama ya kaki na nta ilipanda, ya nguvu kazi ikashuka zaidi ya hapo.

Si kila kitu kilinyooka. Madoa ya mafuta ya karafuu yamepungua, hayajaisha, kwa kuwa mafuta hayo hulainisha nta pole pole. Kikundi kimeamua kuandika tarehe ya kufungia na kuweka mwisho wa miezi mitatu. Karatasi ya nta haiwezi kurudi kwenye beseni la rojo pamoja na nyengine; huoza shambani, lakini anayeikusanya kwa ajili ya kusaga upya lazima aitenge.

Lebo nayo ilirekebishwa. Ya kwanza iliandika "karatasi ya mgomba na mwani." Mgomba ulikuwa sehemu tatu katika kumi na mwani ulikuwa pambo tu, kwani mwani hauna nyuzi ndefu za kushikilia karatasi. Sasa imeandikwa: karatasi ya ofisini iliyorejelewa, yenye nyuzi za mgomba.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kosa la msingi halikuwa maji wala manjano. Lilikuwa kuikabidhi karatasi kazi ambayo plastiki ilikuwa ikiifanya, bila kuuliza kazi hiyo ni ipi. Plastiki huzuia mvuke. Karatasi hupokea mvuke na kuutoa. Hivyo ndivyo ilivyo, na hakuna ufundi wa mkono utakaoibadilisha tabia hiyo. Karatasi hushika umbo, hubeba maandishi, hukinga vumbi na mwanga, huacha sabuni ipumue. Kikundi kilipoipa kazi hizo peke yake, na kazi ya kuzuia unyevu kuipa nta, kioo na umbo la kiungo chenyewe, mambo yakakaa sawa. Umbo hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Fimbo ya mdalasini na unga wa mdalasini ni mti uleule, lakini unga una uso mkubwa mno unaokutana na hewa. Kubadilisha bidhaa ili ifae kifungashio ulikuwa uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki, na ndio uliokaribia kukataliwa, kwa sababu ulionekana kama kushindwa.

Jaribio la karatasi mbili ndilo linalofaa kuigwa na kila kikundi cha pwani, Unguja na Pemba. Limegharimu karatasi mbili na usiku mmoja. Bila jaribio hilo lawama ya masika ingebaki, kikundi kingeongeza wanga, kingeongeza jua, na karatasi ingeendelea kulegea kila alfajiri kwa chumvi iliyokuwa ndani yake.

Sharti la "hata kidogo" linahitaji kuangaliwa vizuri. Lilizaa ubunifu mzuri hapa, kwa kuwa duka lilikubali viungo visivyosagwa. Kama lisingekubali, viungo vilivyotupwa vingekuwa hasara kubwa kwa mkulima na kwa ardhi kuliko kijifuko kimoja. Anayeweka sharti la namna hii awe tayari pia kukubali bidhaa iliyobadilika, na walizungumze hilo kabla ya oda kusainiwa.

Ratiba bado haijatulia. Kutengeneza karatasi wakati wa masika ni kupigana na hewa, lakini masika ndiyo yanayoleta maji matamu. Mpango wa sasa ni kujaza mapipa mawili kati ya Machi na Mei, kuchota karatasi za mwaka mzima kuanzia Juni hadi Septemba hewa inapokuwa kavu zaidi, na kuzihifadhi juu ya rafu, mbali na ukuta, ndani ya boksi, mizani ileile ya sonara ikiwa karibu. Pipa la pili bado halijanunuliwa.